Sigaa laini na jani lililokua kivulini

*Wavutaji wazoefu huibeza kuwa ni ya wanaoanza. Madaktari wanasema inawahadaa watu. Nyuma ya sigaa hiyo ya rangi ya kahawia isiyokolea kuna mashamba yaliyofunikwa kwa kitambaa, kesi mahakamani, na namna ya kuonja inayodai subira.*

MAJIRA ya joto ya mwaka 1944, kijana wa miaka 15 kutoka Atlanta, kusini mwa Marekani, alifika Simsbury katika jimbo la Connecticut kufanya kibarua. Alikuwa na wanafunzi wenzake weusi waliokuwa wakitafuta ada ya Chuo cha Morehouse. Kazi yao ilikuwa kwenye shamba la tumbaku la familia ya Cullman, mahali ambapo mimea hukua chini ya mahema ya kitambaa cheupe yaliyofunika shamba zima. Ndani ya mahema hayo hewa ni nzito, ina joto na unyevu kuliko nje.

Kijana huyo alikuwa Martin Luther King Jr. Katika barua alizowaandikia wazazi wake alieleza, kwa mshangao wa mtu aliyelelewa katikati ya ubaguzi, kwamba huko kaskazini aliweza kuingia kwenye mgahawa mjini Hartford na kuketi apendapo. Baadaye, alipoomba nafasi katika chuo cha theolojia cha Crozer, aliandika kwamba mwito wa uchungaji ulimjia majira yaleyale ya 1944.

Jani lililolimwa pale halikuwa la sigara za kawaida. Lilikuwa la sigaa, ile sigara nene inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi wala kichungi. Tena halikuwa jani la kujaza ndani. Lilikuwa jani la nje, lile linaloonekana na kuguswa na midomo. Linajulikana kama jani la kivulini la Connecticut, na kwa zaidi ya karne moja ndilo limezivisha sigaa laini za daraja la juu.

Sigaa hizo leo zinashambuliwa kutoka pande mbili. Wavutaji wazoefu wanasema hazina nguvu, hivyo hazina ladha. Madaktari wanasema ulaini wake unaficha kiasi cha nikotini kinachoingia mwilini. Upande wa kwanza umekosea. Wa pili una hoja ambayo mpenzi yeyote wa sigaa anapaswa kuisikiliza hadi mwisho.

Ulaini hutengenezwa

Sigaa iliyosokotwa kwa mkono ina sehemu tatu. Katikati kuna majani ya ndani, marefu, yaliyokunjwa ili hewa ipite. Yanashikwa pamoja na jani la kufungia. Juu yake huja jani la nje, jembamba na zuri kuliko yote.

Ukali huanzia shambani. Majani ya chini ya mmea hupata jua kidogo, ni mepesi na yanashika moto vizuri. Wakulima wa Cuba huyaita volado. Ya katikati ni seco, yenye harufu nzuri. Ya juu ni ligero, mazito, yenye mafuta na nikotini nyingi kwa sababu ndiyo yanayochomwa na jua mchana kutwa. Anayetunga mchanganyiko wa sigaa laini huegemea volado na seco, kisha hutia ligero kidogo sana au huiacha kabisa.

Msomaji wa Tabora, Urambo au Chunya anaijua tumbaku kwa sura nyingine. Huko inalimwa tumbaku ya mvuke, ambayo hukaushwa ndani ya mabani kwa joto la moto kwa siku chache, na sukari ya jani hubaki ndani yake. Tumbaku ya sigaa haikaushwi hivyo. Huning'inizwa kwenye ghala lenye upepo kwa wiki kadhaa hadi rangi ya kijani iishe na sukari karibu yote ipotee.

Kisha majani hulundikwa. Lundo likiwa zito na lenye unyevu, joto hupanda lenyewe ndani yake. Wafanyakazi hulipima, hulibomoa kabla halijaungua, na hulipanga upya ili majani ya nje yaingie ndani. Katika uchachu huo amonia hutoka, nikotini hupungua, na ukakasi wa jani bichi huondoka. Baadhi ya majani hukaa ghalani miaka kadhaa kabla ya kufika mezani kwa msokotaji.

Hapo ndipo dai la kwamba sigaa laini ni kazi nyepesi linapovunjika. Katika sigaa kali, pilipili na nguvu ya nikotini vinaweza kufunika jani lililochachuka nusunusu. Katika sigaa laini hakuna pa kulificha. Amonia kidogo tu iliyobaki humchoma mvutaji puani tangu mvuto wa kwanza.

> Katika sigaa kali, nguvu ya nikotini inaweza kufunika jani lililochachuka nusunusu. Katika sigaa laini hakuna pa kulificha.

Mahema ya Windsor

Wakulima wa bonde la mto Connecticut walikuwa na tumbaku ya sigaa muda mrefu, lakini mwishoni mwa karne ya 19 walianza kupoteza soko. Jani kutoka Sumatra, lililolimwa chini ya wakoloni wa Kiholanzi, lilikuwa jembamba zaidi, na kilo moja yake ilitosha kuvisha sigaa nyingi zaidi. Jibu lilipatikana mwaka 1900 katika mji wa Windsor, ambako mbegu ya Sumatra ilijaribiwa chini ya kitambaa kilichotandazwa juu ya nguzo.

Kitambaa kile kilipunguza jua na kutunza unyevu. Mmea, ukitafuta mwanga, ulirefuka. Jani likatoka pana, jepesi, na mishipa yake ikawa myembamba. Jani la namna hiyo haliwezi kuchumwa kwa mashine. Huchumwa kwa mkono kuanzia chini, machache kwa kila mche, na wachumaji hurudi kwenye mche uleule mara kadhaa kadiri ya juu yanavyokomaa.

Kazi hiyo ilihitaji watu wengi. Ndiyo maana wakati wa Vita Kuu ya Pili bonde lile lilipokea wanafunzi weusi kutoka kusini na vibarua kutoka Jamaica, na baada ya vita wakaja wengi kutoka Puerto Rico. Anayesifu wororo wa jani la Connecticut anasifu pia migongo ya watu hao, na ni haki kuwataja.

Familia ya Cullman ilinunua kampuni ya General Cigar mwaka 1961, na baadaye ikaifanya Macanudo, iliyokuwa ikisokotwa Jamaica, kuwa miongoni mwa sigaa laini zilizouzwa zaidi Marekani. Vazi lake lilikuwa jani la Connecticut. Mwaka 2000 usokotaji ulihamia Jamhuri ya Dominika.

Leo mahema yaliyobaki Connecticut ni machache. Ardhi imepanda bei, na sehemu kubwa ya mashamba ya zamani imegeuka nyumba na maghala. Mbegu imesafiri hadi Ecuador, ambako wakulima hawahitaji kitambaa: mawingu ya milimani hukaa juu ya mashamba karibu muda wote na kufanya kazi ya hema. Jani la Ecuador huwa na mafuta zaidi kidogo, na sigaa nyingi zinazouzwa leo kwa jina la Connecticut zimevaa jani lililokulia huko.

Moto wa Zino Davidoff

Kisa kinachoonyesha vizuri jinsi ladha laini ilivyopata heshima ni cha Zino Davidoff, aliyezaliwa mwaka 1906 na kukulia Geneva, ambako familia yake ilikuwa na duka la tumbaku. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, sigaa zenye jina lake zilisokotwa Havana. Zilikuwa kilele cha anasa.

Mwaka 1989 Davidoff alichoma hadharani zaidi ya sigaa 130,000 kutoka Cuba kwa madai kwamba ubora wake ulikuwa umeshuka. Miaka michache tu baadaye uhusiano ulikwisha, na usokotaji ukahamia Santiago, Jamhuri ya Dominika, chini ya mtaalamu Hendrik Kelner.

Bonde la Cibao linaloizunguka Santiago hutoa tumbaku tulivu kuliko ile ya Pinar del Río huko Cuba. Sigaa mpya za Davidoff zilitoka na ladha ya malai na mwerezi, nyepesi kuliko za Havana, na ziliuzwa kwa bei ya juu bila kuomba radhi. Signature No. 2, nyembamba na ndefu, iliyovaa jani la Connecticut kutoka Ecuador, hadi leo ni mahali pazuri pa kujua ulaini una maana gani. Cuba nayo ina zake: Hoyo de Monterrey, hasa Epicure No. 2, inahesabiwa kati ya sigaa nyepesi za kisiwa hicho.

Saa moja na sigaa moja

Kuonja huanza kabla ya kiberiti. Mvutaji huishika sigaa mwangani. Jani la kivulini lililo zuri lina rangi moja toka mwanzo hadi mwisho, mishipa yake haionekani kwa mbali, na likiguswa ni laini kwa kidole. Akiibonyeza taratibu inapaswa kurudi. Ikitoa mlio wa kukauka, ilitunzwa vibaya. Ikiwa na sehemu ngumu kama fundo, moshi utakwama hapo.

Kisha hunusa mwisho ulio wazi. Hapo harufu ya nyasi kavu na ubao wa mwerezi hujitokeza, na wakati mwingine ya asali. Harufu ya uvundo au ya choo cha ng'ombe inayochoma pua ni dalili kwamba jani halikumaliza uchachu wake, au limevamiwa na ukungu.

Kichwa, yaani upande wa mdomoni, hukatwa kidogo sana, milimita mbili hivi, ndani ya kile kifuniko kidogo cha jani kilichobandikwa na msokotaji. Ukikata chini zaidi, jani la nje litafumuka. Kabla ya kuwasha, mvutaji huvuta hewa mara moja kupitia sigaa isiyo na moto. Mvuto huo baridi humwambia mambo mawili: kama hewa inapita, na ladha ya jani ikoje kabla halijaungua.

Kiberiti cha petroli hakifai, kwa maana sigaa laini hudaka harufu yake na kuibeba hadi mwisho. Njiti ndefu za mti au kiberiti cha gesi ndivyo vinavyofaa. Mwisho wa sigaa hukaushwa kwanza juu ya mwali bila kuugusa, ukizungushwa hadi ukingo wote uwe mweusi, ndipo mvutaji aiweke mdomoni na kuvuta polepole.

Baada ya hapo kazi kubwa ni kujizuia. Mvuto mmoja kwa dakika unatosha. Anayevuta harakaharaka huipandisha joto, na jani jepesi likipata joto kupita kiasi hugeuka chungu. Wengi waliosema sigaa laini haina ladha waliichoma tu. Moshi hukaa mdomoni, hugusa ulimi wote, kisha hutoka. Haumezwi.

> Wengi waliosema sigaa laini haina ladha waliichoma tu.

Wazoefu hutoa sehemu ndogo ya moshi kupitia puani, kwa sababu harufu nyingi zinazoitwa ladha zinatambuliwa na pua. Katika sigaa kali jambo hilo humtoa mtu machozi. Katika sigaa laini linawezekana, na ndipo mambo madogo hutokea: korosho iliyokaangwa, kahawa ya maziwa, ukoko wa mkate, pilipili manga nyeupe nyuma ya koo.

Theluthi ya kwanza huwa tulivu kabisa. Ya pili ndiyo yenye mengi, malai hupungua na mwerezi huja mbele. Katika ya tatu hata sigaa laini hupata ukali, kwa sababu lami na nikotini vimekuwa vikikusanyika kwenye majani yaliyobaki. Majivu hayana haja ya kugongwagongwa. Majani marefu yaliyokunjwa vizuri huyashika, na yakifika karibu sentimita mbili hudondoka yakiguswa kidogo kwenye kisahani.

Kinywaji kisishindane nayo. Maji, chai isiyo na viungo vingi, au kahawa isiyokolea vinafaa. Tangawizi na pilipili za chakula cha jioni zitaimaliza kabla haijawashwa.

Mashindano ya ukali

Kuna sababu ya kihistoria kwa nini ulaini ulianza kudharauliwa. Jarida la Cigar Aficionado lilianza New York mwaka 1992, na katika miaka michache sigaa zilizoingizwa Marekani ziliongezeka kutoka takriban milioni 100 kwa mwaka hadi zaidi ya milioni 400 mwaka 1997. Wapya wengi walianza na Macanudo na jamaa zake. Homa hiyo iliposhuka, waliobaki walikuwa wavutaji waliotaka kitu kizito zaidi.

Nicaragua ikawa tayari. Udongo wa volkano wa Estelí hutoa majani yenye nguvu, na watengenezaji wakaanza kushindana nani atatia ligero nyingi zaidi. Sigaa laini ikabaki na jina la sigaa ya asubuhi, au ya mgeni asiyejua.

Miaka ya karibuni upepo umegeuka kiasi. Kampuni zilizojipatia sifa kwa ukali zimerudi kwenye jani la Connecticut: Oliva na Perdomo, zote zinazosokota Nicaragua, zina sigaa zilizovaa jani hilo la Ecuador juu ya majani ya ndani ya Nicaragua. Zina mwanzo mpole na kiini chenye uzito. Ni ushahidi kwamba ukali na ladha ni vitu viwili, na mtu anaweza kupata kimoja bila kukilazimisha kingine.

Moshi usiomezwa

Hapa hoja ya madaktari inaingia, nayo ni nzito. Neno laini linaeleza kinachosikika mdomoni tu. Halina maana yoyote kwa usalama.

Moshi wa sigara ya kawaida, iliyojaa tumbaku ya mvuke yenye sukari, una asili ya tindikali, na nikotini yake huingia mwilini hasa mtu anapouvuta hadi mapafuni. Moshi wa sigaa, kwa sababu jani lake limechachuka na kupoteza sukari, una asili ya alkali. Katika hali hiyo nikotini hupenya moja kwa moja kwenye ngozi laini ya mdomo. Asiyemeza moshi anaipata vilevile.

Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani inasema sigaa moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Uvutaji wa sigaa wa mara kwa mara unahusishwa na saratani ya mdomo, koo, umio na mapafu. Walioketi karibu na mvutaji nao wanavuta moshi huohuo kwa muda wote huo, bila kuonja chochote.

Wenye viwanda wana jibu. Wanasema sigaa ya kusokotwa kwa mkono si sigara: ni ghali, haivutiwi na vijana wadogo, na watu huivuta kwa nadra. Ripoti ya Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani ya mwaka 2022 iliwaunga mkono kwa sehemu, kwani ilionyesha kwamba watumiaji ni wachache na wengi wao hawavuti kila siku. Ripoti hiyohiyo haikusema kwamba sigaa ni salama.

Mvutano huo uliishia mahakamani. Mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliziweka sigaa zote chini ya kanuni zake. Wenye viwanda wakashitaki, na Agosti 2023 Jaji Amit Mehta wa Washington alifuta kanuni hiyo kwa sigaa za daraja la juu, akisema mamlaka haikuuzingatia ushahidi ipasavyo.

Sifa za sigaa hizo zilizotumika kwenye kesi zinaeleza mengi: isokotwe kwa mkono, ivae jani zima, isiwe na kichungi, isiwe na ladha yoyote iliyoongezwa isipokuwa ya tumbaku. Zote zinahusu namna sigaa inavyotengenezwa. Hakuna hata moja inayogusa kiasi cha nikotini.

Afrika Mashariki sheria hazitofautishi sana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007, ya Tanzania ya 2003 na ya Uganda ya 2015 zinaiona sigaa kuwa bidhaa ya tumbaku kama nyingine, na uvutaji hadharani umewekewa mipaka katika nchi zote tatu.

Joto la pwani

Anayenunua sigaa Dar es Salaam au Mombasa ana tatizo ambalo mwenzake wa Geneva hana. Sigaa hutunzwa vizuri kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto lisilozidi sana nyuzi 20. Hali ya hewa ya pwani hupita vipimo vyote viwili kwa miezi mingi. Ukungu huota, na mayai ya mdudu wa tumbaku yaliyofichika ndani ya jani huanguliwa. Matundu madogo ya mviringo kwenye jani la nje ni kazi yake.

Nairobi shida hugeuka. Hewa kavu ya miezi isiyo na mvua hulipasua jani jembamba la Connecticut upesi kuliko jani nene la jua. Kwenye duka lolote, mnunuzi ana haki ya kuuliza sigaa ilikaa wapi na kuomba kuona kipimo cha unyevu. Asiyeonyeshwa aende kwingine.

Mtu mzima aliyeamua kujaribu achague fupi, ya inchi nne hadi tano na unene wa namba 40 hadi 42 kwenye kipimo cha sigaa, maana ndogo ina tumbaku kidogo, na ladha ya jani la nje husikika zaidi. Anunue moja, si sanduku. Ale kwanza. Aketi nje, mbali na watoto. Ikigeuka chungu, aiache hata kama imebaki theluthi. Akihisi kizunguzungu, jasho baridi au kichefuchefu, hiyo ni nikotini: aiweke chini, anywe maji, ale kitu chenye sukari, na asiiwashe tena siku hiyo.